Barua ya wazi: Kidonge cha maumivu kisitoke dukani bila maneno

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA),
Msajili wa Baraza la Famasi.

YAH: MAELEZO YA KISWAHILI KWA KILA ANAYENUNUA DAWA ZA MAUMIVU ZA KUSHUSHA UVIMBE

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima na kuwatakia kazi njema. Mimi ni mtoa dawa katika Duka la Dawa Muhimu, kwenye mji mdogo wa bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Ninawaandikia kuhusu diklofenaki, ibuprofeni, aspirini na ndugu zao: meloksikamu, piroksikamu, indomethasini, naproksini. Kwenye kaunta hazina majina marefu hivyo. Mteja anasema diklo, brufeni, au anashika kiuno na kusema "nipe ya mgongo".

Dawa hizi zinatoka kwa wingi kila siku, na zinatoka na maneno machache mno. Mgonjwa wa kifua kikuu anapewa dawa pamoja na mtu wa kumfuatilia. Anayeanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI anakalishwa chini na mshauri. Dawa mseto ya malaria ina michoro ya kumwonyesha hata asiyejua kusoma vidonge vya asubuhi na vya jioni. Diklofenaki inakatwa kwa mkasi, vidonge viwili au vinne, inatiwa kwenye kibahasha kilichoandikwa 1x2 kwa kalamu, na mteja ameshavuka kizingiti. Karatasi ya maelezo imebaki ndani ya boksi, tena mara nyingi ni ya Kiingereza na kwa herufi ndogo ambazo hata kijana mwenye macho mazima anazisoma kwa taabu. Kipande alichokatiwa huenda hakina hata jina la dawa, seuze tarehe ya mwisho wa matumizi.

Ombi langu ni hili: asiwepo mtu anayenunua dawa ya kundi hili, awe wa famasi ya mjini au wa duka la kijijini, akaondoka bila kuulizwa maswali machache na bila kubeba maelezo ya Kiswahili yaliyochapwa kwenye bahasha yenyewe. Hilo halihitaji mashine wala daktari mpya. Linahitaji waraka wenu na usimamizi wenu.

Sijaja kuwaomba mzipige marufuku. Tena nawasihi msifike huko. Dawa hizi ni neema kwa watu wanaofanya kazi kwa mwili. Binti anayejikunja kwa maumivu ya hedhi, ibuprofeni ikianzwa mapema na kunywewa baada ya chakula humrudisha darasani siku hiyohiyo. Aliyeteguka kifundo cha mguu, aliyeng'olewa jino, mwenye jongo lililomvimbisha kidole gumba cha mguu, mwenye baridi yabisi ambaye asubuhi vidole havikunji: hao wote wana haki ya dawa hii, na panadol peke yake mara nyingi haiwafikishi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na mgonjwa wa selimundu aliyeshikwa na maumivu ya mifupa hawezi kuambiwa avumilie. Mkizifungia, biashara itahamia kwenye genge na kwa wachuuzi wa stendi, ambako hakuna rejista wala mtu aliyepata mafunzo, na wengine watasukumwa kwenye tramadoli, dawa kali ya maumivu inayoleta uraibu, ambayo tayari inawasumbua vijana wetu.

Lakini uzuri na ubaya wa dawa hizi vinatoka mahali pamoja, na hilo ndilo mnunuzi haambiwi. Mwaka 1971 mtafiti wa Kiingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini, ambayo kampuni ya Bayer ilikuwa ikiiuza tangu 1899, inafanya kazi kwa kuuzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na wenzake wawili wa Sweden. Prostaglandini ndizo zinazochochea maumivu, homa na uvimbe mahali palipoumia. Ukizizuia, unapata nafuu. Ila hizohizo ndizo zinazoufanya ukuta wa tumbo ujipake ute wa kujikinga na asidi yake, na ndizo zinazoushikilia wazi mshipa mdogo unaopeleka damu kwenye chujio la figo pale mwili unapokuwa na upungufu wa maji. Kidonge hakichagui. Kinapolituliza goti, kinaufikia pia ukuta wa tumbo na mlango wa figo.

Ndiyo maana sindano haiwi kinga ya vidonda vya tumbo. Watu wengi wanaamini kwamba wakichomwa diklofenaki kwenye kalio wameliepusha tumbo, kwa kuwa hawakumeza kitu. Dawa inapita kwenye damu na kulifikia tumbo kwa ndani. Mzee aliyewahi kutapika damu hapaswi kuchomwa sindano hiyo kama ambavyo hapaswi kumeza kidonge chake. Kwa wazee, tena, kidonda kinaweza kutoboka bila kuuma hata kidogo, kwa sababu dawa yenyewe imeyaficha maumivu. Dalili ya kwanza inakuwa choo cheusi kama lami, au kizunguzungu cha kuishiwa damu, na mzee anadhani ni uchovu. Anarudi dukani kununua diklo ya uchovu.

Hilo la uchovu linanigusa zaidi kwa sababu ya mahali nilipo. Huku kwetu msimu wa kukata miwa vijana wanaingia shambani alfajiri na wengi wanatoka jua likiwa limeshawachoma. Jioni wanapita dukani. Hawaumwi ugonjwa wowote. Mwili umechoka na kesho kuna kazi. "Kaka, nikatie mbili za usiku na mbili za asubuhi." Za asubuhi anazimeza kabla ya kuingia kazini, tumbo tupu, kisha anashinda juani na chupa moja ya maji. Kwa mtu mwenye afya aliyekula na kunywa maji vya kutosha, vidonge hivyo vya siku moja mbili kwa kawaida havimdhuru. Kwa mtu aliyekaukiwa, figo lake linategemea prostaglandini kuuacha mlango wazi, na yeye ameshaufunga kabla jua halijachomoza.

Katika nchi za Amerika ya Kati, hasa Nikaragua na El Salvador, kumekuwa na ugonjwa wa figo unaowaua wakata miwa wakiwa bado vijana, watu wasio na kisukari wala presha. Wanasayansi bado wanajadiliana juu ya chanzo chake. Wengi wanautazama mchanganyiko wa joto kali, kazi nzito na kukosa maji, na vidonge vya maumivu vimo kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuuzidisha. Sisemi kwamba ugonjwa huo uko Kilombero. Ninasema tuna miwa, tuna joto, tuna vijana, na tuna vidonge vinavyokatwa kwa mkasi bila neno. Wakati figo limeshashindwa, tiba ni kusafishwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, maisha yote, isipokuwa apatikane wa kumpa figo. Mkata miwa hana wiki ya namna hiyo. Neno la kumwambia ni fupi: kunywa maji kwanza, kula kwanza, usimeze kidonge hiki ili uweze kufanya kazi juani, na ikiwa uchovu unakushinda kila siku njoo tuongee juu ya kazi na chakula, si juu ya diklo.

Kundi jingine ni la wazazi wetu wenye presha, na hapa naomba mnivumilie niseme kwa kirefu.

Mama mmoja wa makamo alikuja dukani akafundua pindo la khanga. Ndani mlikuwa na dawa zake za kliniki: losatani na haidroklorothiazidi. Alitaka nimsomee tu ipi ni ya asubuhi, maana alikuwa amezichanganya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nisomee hizi, halafu unipe na zile za magoti, za siku zote."

Nikamuuliza za magoti anakunywa tangu lini. Tangu mavuno ya mwaka jana, asubuhi na usiku, akikosa hapa ananunua kwingine. Nikamuuliza presha inaendeleaje.

"Haishuki. Wameniongezea dozi, na sasa wanasema watanibadilishia. Sijui ni mawazo."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama anatumia dawa nyingine, na yeye hakuona sababu ya kuitaja, kwa kuwa diklo kwake si dawa ya ugonjwa. Ni kitu cha dukani. Waheshimiwa, dawa hizi zinaubakiza mwili na chumvi na maji, zinapandisha presha, na zinazipunguza nguvu dawa nyingi za presha. Mgonjwa anaongezewa dozi ya dawa moja wakati dawa nyingine inaivuta upande wa pili. Lakini hatari iliyo kubwa kuliko namba ya presha ni figo. Losatani na jamaa zake, enalaprili, kaptoprili na lisinoprili, zinalegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio la figo. Kidonge cha kukojoza, kama haidroklorothiazidi au furosemidi, kinapunguza maji mwilini. Diklofenaki inaubana mshipa unaoingiza damu. Kila moja peke yake figo linaweza kuivumilia. Zikikutana zote tatu kwa mwili mmoja, hasa mwili wa mtu mzima aliyeharisha au aliyefunga, chujio linaweza kukosa msukumo wa damu na figo kusimama ndani ya siku chache. Madaktari wanaujua utatu huu vizuri sana. Mama yule hakuwa na njia ya kuujua, na pindo lake la khanga lilikuwa na dawa mbili kati ya hizo tatu wakati anaomba ya tatu.

Nilimpa panadol na jeli ya diklofenaki ya kuchua, ambayo huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na kidonge, nikamwandikia kwenye karatasi jina la dawa aliyokuwa akinunua ili ampelekee daktari wake na waombe kipimo cha figo. Yeye aliniuliza swali ambalo nalileta kwenu kama lilivyo: "Mbona hakuna aliyeniambia?"

Moyo nao una lake. Mwaka 2004 kampuni ya Merck iliiondoa sokoni duniani kote dawa yake ya kundi hili iliyoitwa Vioxx, baada ya utafiti kuonyesha kwamba waliokuwa wakiitumia kwa muda mrefu walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya wasioitumia. Tangu hapo dawa nyingine zikachunguzwa upya. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitamka kwamba diklofenaki isipewe mtu mwenye ugonjwa wa moyo kushindwa kazi, mwenye mishipa ya moyo iliyoziba, au aliyewahi kupata kiharusi. Mwaka 2015 mamlaka ya Marekani, FDA, ilikaza onyo lake ikisema hatari hiyo inaweza kuanza ndani ya wiki za mwanzo za matumizi, na inaongezeka kadiri dozi inavyopanda. Hayo yote yameandikwa. Yapo kwenye miongozo, na wafamasia wenu wameyasoma. Hayajamfikia mzee aliyepooza mkono mmoja na ambaye mjukuu wake anatumwa dukani kumletea diklo kwa ajili ya ule mkono mwingine.

Kisha kuna homa. Jiji la Dar es Salaam lilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, na mkubwa zaidi mwaka 2019. Mgonjwa wa dengue anaumwa kichwa, macho kwa nyuma, viungo na mgongo, na kipimo cha malaria kinasema hana. Atafanya nini? Atanunua diklo, kwa sababu viungo ndivyo vinavyomtesa. Dengue inashusha chembe sahani zinazogandisha damu, na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinazizuia chembe hizohizo kufanya kazi, huku zikilichubua tumbo. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni parasetamoli tu, yaani panadol, na maji mengi. Mabasi ya kutoka Dar yanafika huku kila siku, na mbu anayeambukiza dengue anauma mchana, kwa hiyo chandarua hakitoshi kumzuia. Naomba kila inapotangazwa dengue, tangazo la redio lisiishie kwenye madimbwi na matairi. Liseme wazi: ukiwa na homa usinywe diklo wala brufeni wala aspirini mpaka upimwe, tumia panadol.

Kwa wajawazito nitasema kwa ufupi kwa kuwa jambo lenyewe halina utata. Kuanzia wiki ya 20 ya mimba dawa hizi zinaweza kudhuru figo za mtoto aliye tumboni na kupunguza maji ya uzazi. FDA ilitoa onyo hilo Oktoba 2020. Miezi mitatu ya mwisho zinaweza kuufunga kabla ya wakati mshipa ambao mtoto anautegemea mpaka azaliwe. Lakini bahasha iseme pia kwamba aspirini ya dozi ndogo anayopewa mjamzito na daktari kumkinga na kifafa cha mimba ni jambo tofauti, asiiache kwa kusoma onyo letu. Watoto nao: aspirini isipewe mtoto chini ya miaka 16 ila kwa amri ya daktari, kwa sababu ya ugonjwa wa nadra lakini mbaya wa ini na ubongo. Ibuprofeni ya maji inafaa kwa mtoto, ikipimwa kwa uzito wake, isipokuwa anapoharisha na kutapika, au ana tetekuwanga. Na wapo wenye pumu ambao kidonge kimoja tu cha aspirini au diklofenaki kinawabana kifua ndani ya saa moja au mbili.

Kuna tatizo la majina ambalo bila bahasha iliyochapwa hatutalimaliza. Mtu anakunywa brufeni ya jino, anaongeza diklo ya mgongo, na jirani anamletea unga wa mafua wenye aspirini ndani yake. Kwake ni dawa tatu za shida tatu. Kwa tumbo lake ni dawa ileile mara tatu, bila faida ya ziada kwenye maumivu. Hali kadhalika vile vidonge vinavyopendwa sana vya diklofenaki iliyochanganywa na parasetamoli: mtu anavinywa, kisha anaongeza panadol mbili mbili kwa kuwa "panadol haina shida", na bila kujua anavuka gramu 4 za parasetamoli kwa siku, kiasi ambacho ini la mtu mzima halipaswi kupitishwa.

Nitaje na dawa za "asili" za viungo, ingawa hizo zinaihusu zaidi Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwaka 2022 FDA iliwaonya Wamarekani juu ya bidhaa za viungo zilizokuwa zikiuzwa kama virutubisho vya mimea, kumbe ndani zina diklofenaki na deksamethasoni (dawa kali ya jamii ya homoni) zisizotajwa popote kwenye kopo. Wenye maduka na wagonjwa wa hapa kwetu wanajua aina ya unga au kidonge "cha miti shamba" kinachoondoa maumivu ya miaka mingi kwa usiku mmoja, kikimnenepesha mtu uso ndani ya mwezi. Mti haufanyi hivyo. Anayekitumia kwa muda mrefu kisha akakiacha ghafla yuko hatarini, kwa sababu deksamethasoni huzilaza tezi za mwili zinazotengeneza homoni ya aina hiyo, na haziamki kwa siku moja. Maabara ya TMDA ina uwezo wa kupima bidhaa hizi. Naomba zinunuliwe kimyakimya minadani na stendi, zipimwe, na matokeo yatangazwe kwa majina ya bidhaa kwenye redio za mikoani, ambako wanunuzi wake wapo.

Sasa nirudi kwenye bahasha, maana sitaki niwaachie malalamiko bila kitu cha kushika. Hivi ndivyo ningependa ichapwe, kwa herufi ambazo bibi anaweza kuzisoma bila miwani, na kwa upande wa nyuma michoro kwa asiyesoma:

"DIKLOFENAKI miligramu 50. Meza baada ya kula, kwa maji ya kutosha. Usizidishe vidonge 3 kwa siku. Usichanganye na ibuprofeni, aspirini wala dawa nyingine ya maumivu ya aina hii. USITUMIE ikiwa una mimba, vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, umewahi kupata kiharusi, una pumu inayoamshwa na dawa za maumivu, au una homa ambayo haijapimwa. Unatumia dawa za presha au za kuzuia damu isigande? Mwambie mtoa dawa kabla hujalipa. ACHA na uende kituo cha afya haraka ukiona choo cheusi, matapishi yenye damu, mkojo umepungua, uso au miguu imevimba, kifua kinabana, au ngozi imetoka malengelenge. Maumivu yakipita siku 5, usinunue tena. Nenda ukapimwe."

Ya ibuprofeni itakuwa na kipimo chake: miligramu 200 hadi 400 kwa mara moja, isizidi 1,200 kwa siku bila cheti cha daktari. Wataalamu wenu watayasahihisha maneno haya kwa kipimo na kwa lugha, na hizo siku 5 wakiona zipungue, zipungue. Ninachoomba ni kwamba yawe ni maneno yaleyale kutoka Kigoma hadi Pemba, kadiri mamlaka za pande zote mbili zitakavyokubaliana, ili mtu aliyesoma bahasha ya Dodoma asione jambo geni Tanga. Gharama ya kuchapa si kubwa. Waagizaji na viwanda vya hapa nchini vinaweza kutakiwa kuweka bahasha za kutosha ndani ya kila boksi la vidonge 100, kama sharti la usajili wa dawa. Tena ni bora zaidi wakitakiwa kuleta karatasi za vidonge 10 zenye jina la dawa nyuma ya kila kidonge, ili mkasi ukipita jina libaki.

Maswali ya mdomo nayo yawe sehemu ya ukaguzi. Mkaguzi anapofika dukani anatazama leseni, rejista, joto la chumba na tarehe za dawa, na ni vema aendelee hivyo. Aongeze dakika chache za kukaa kando ya kaunta akisikiliza. Je, mteja wa diklo ameulizwa kama ni mjamzito? Ameulizwa tumbo, figo, moyo? Ameulizwa dawa nyingine anazotumia? Ameulizwa homa? Haichukui hata dakika mbili. Najua jibu la wenye maduka: mteja akiulizwa sana ataenda duka la jirani lisilouliza. Ni kweli, ataenda. Ndiyo maana hatuwezi kulifanya hili duka mojamoja kwa hiari, na ndiyo maana naliandika kwenu. Jirani naye akilazimika kuuliza, mteja hatakuwa na pa kukimbilia, na baada ya miezi michache atazoea, kama alivyozoea kupimwa malaria kabla ya kupewa dawa mseto.

Na kwenye kliniki za presha na kisukari, Mheshimiwa Waziri, naomba swali moja liongezwe kwenye kadi ya mgonjwa, lijazwe kila anapohudhuria: "Unatumia dawa gani za maumivu, na mara ngapi?" Likiulizwa kwa kutaja diklo na brufeni kwa majina, kwa maana ukisema "dawa nyingine" mgonjwa atajibu hana.

Mfumo wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianzia mkoa mmoja, Ruvuma, mwaka 2003, ukajaribiwa, ukasahihishwa, kisha ukaenea nchi nzima. Bahasha nayo inaweza kuanza hivyohivyo. Naomba ianzie Morogoro, mkoa wenye mashamba ya miwa na mpunga, wenye njia kuu za mabasi, na wenye wazee wengi wa magoti na presha. Watoa dawa wa bonde hili tuko tayari kuandika kwenye rejista kila tuliyemuuliza na kile alichojibu, ili baada ya miezi sita mwe na takwimu zenu wenyewe za kuamulia.

Wenu katika kazi,

Mtoa dawa, Duka la Dawa Muhimu,
Bonde la Kilombero, Morogoro